Jöns Jacob Berzelius: Mswidi aliyeipa kemia maandishi yake

Katikati ya jiji la Stockholm, hatua chache kutoka majini, ipo bustani iitwayo Berzelii Park. Ndani yake imesimama sanamu ya mtu aliyefariki mwaka 1848. Wapita njia wengi hawajui alikuwa nani, ingawa kila aliyewahi kuketi katika darasa la kemia, iwe Dodoma, Bukavu au Oslo, ameandika kwa mkono wake herufi ambazo utaratibu wake uliwekwa na mtu huyo: O ya oksijeni, Fe ya chuma, Cu ya shaba, Pb ya risasi.

Kwa familia zinazozungumza Kiswahili katika nchi za Nordic, kazi ya Jöns Jacob Berzelius huingia nyumbani ndani ya daftari la mtoto. Mzazi aliyesoma Tanzania au Kenya alifundishwa sodiamu na potasiamu kwa matamshi ya Kiingereza. Aliyesoma Kongo aliyasikia majina hayohayo kwa Kifaransa. Mtoto anayesoma Norwei, Ufini au Uswidi hurudi nyumbani na natriumu na kaliumu, na kwa muda mzazi hudhani ni vitu vingine. Wakifungua kitabu, wote wawili wanakuta alama zilezile, Na na K. Anayekosa alama inayolingana na jina lake ni mzazi, maana katika neno sodiamu hamna Na, wala katika potasiamu hamna K. Chanzo chake ni uamuzi wa daktari mmoja wa Kiswidi aliyeamua, miaka zaidi ya mia mbili iliyopita, kwamba elementi zitaandikwa kwa Kilatini.

Yatima wa Östergötland

Berzelius alizaliwa tarehe 20 Agosti 1779 katika kijiji cha Väversunda, mkoa wa Östergötland. Baba yake, Samuel, alikuwa mwalimu mjini Linköping, naye alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka minne. Mama aliolewa tena na mchungaji Anders Ekmarck, lakini haikupita miaka mingi naye akaaga dunia. Baba wa kambo alimpenda mtoto na kumtia moyo katika masomo. Hata hivyo alipooa mke mwingine, Jöns na dada yake walipelekwa kwa mjomba. Nyumba ya mjomba ilikwisha kujaa watoto, na yatima hao wawili hawakupata raha ndani yake.

Shuleni Linköping hakuwa mwanafunzi wa kupigiwa mfano. Alipenda mimea, wadudu na ndege kuliko masomo ya darasani, na bunduki aliyokuwa akiwindia ndege ili awachunguze ilikaribia kumfukuzisha shule. Kwa muda alifundisha watoto katika shamba moja karibu na Norrköping ili apate fedha. Mwaka 1796 aliingia Chuo Kikuu cha Uppsala kusomea udaktari.

Huko kemia haikumpokea kwa mikono miwili. Profesa Johan Afzelius hakuwa mtu wa kuwafungulia wanafunzi maabara kila walipotaka, na kijana huyu aliishia kumhonga mtunza maabara ili aingie kwa siri. Mengine aliyafanya katika chumba alichopanga, akitengeneza oksijeni kwa vyombo vya kuungaunga. Mwaka 1800 habari zilienea Ulaya kwamba Alessandro Volta wa Italia amepata njia ya kuzalisha mkondo wa umeme kwa kupanga metali mbili na maji ya chumvi. Berzelius alijitengenezea betri ya aina hiyo kwa sarafu za shaba na vipande vya zinki, akajaribu kuwatibu wagonjwa nayo. Tasnifu yake ya udaktari, mwaka 1802, ilieleza bila kuficha kwamba nafuu waliyoipata wagonjwa ilikuwa ndogo mno.

Umeme ule haukuwaponya wagonjwa, lakini ulimfungulia mlango. Alipohamia Stockholm alipata makazi katika nyumba ya Wilhelm Hisinger, tajiri mwenye migodi aliyependa sayansi. Mwaka 1803 wawili hao walipitisha umeme katika maji yenye chumvi za aina mbalimbali na kuona mpangilio uliojirudia: metali na besi zilikwenda upande hasi wa betri, oksijeni na asidi zikaenda upande chanya. Mwaka huohuo waligundua elementi mpya katika jiwe zito la mgodi wa Bastnäs, wakaiita seriumu kwa jina la Ceres, sayari ndogo iliyokuwa imeonekana angani miaka miwili nyuma. Martin Klaproth wa Ujerumani aligundua dutu hiyo wakati uleule bila wao kujua.

Mpangilio ule wa chanya na hasi ulikaa akilini mwake maisha yake yote. Aliamini kwamba kila kampaundi ina pande mbili zinazovutana, moja chanya na moja hasi. Ndiyo asili ya desturi ambayo mwanafunzi wa leo huifuata bila kuulizia: chumvi ya mezani huandikwa NaCl, si ClNa, na oksaidi ya chuma huanza na chuma, si na oksijeni. Cha chanya hutangulia. Wale waliosoma kwa Kifaransa wanajua kwamba jina linalotamkwa hufuata mpangilio wa kinyume, kama lilivyo Kiswahili katika kloridi ya sodiamu. Kiingereza na lugha za Skandinavia hulitaja kwa mpangilio uleule wa fomula. Mdomo una uhuru wake, mkono hauna.

Maabara kando ya jiko

Mwaka 1807 aliteuliwa kuwa profesa wa udaktari na famasia mjini Stockholm, katika chuo ambacho miaka michache baadaye kilikuja kuwa Taasisi ya Karolinska. Hakuwa tajiri. Alikuwa ameingia katika biashara ya maji ya madini na kiwanda cha siki, biashara ikaanguka, na deni lake lilimwandama kwa miaka mingi.

Kwa kuwa hakupata kitabu cha kemia kwa Kiswidi kilichomridhisha, aliamua kuandika chake; juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 1808. Katika kuisomea kazi hiyo alikutana na swali lililoteka maisha yake. Wanakemia kadhaa walikuwa wamedai kwamba elementi huungana kwa viwango maalumu tu, na Mwingereza John Dalton alieleza sababu: kila elementi ina atomu zenye uzito wake, na atomu huungana moja kwa moja, moja kwa mbili, mbili kwa tatu. Dai hilo lilikuwa zuri kwenye karatasi. Lililokosekana ni vipimo vya kuaminika.

Berzelius akaanza kupima. Kwa takriban miaka kumi alichambua kampaundi zipatazo 2,000, moja baada ya nyingine, katika maabara ambayo wageni kutoka nje waliingia na kutafuta maabara iko wapi. Mjerumani Friedrich Wöhler, aliyekwenda kusoma kwake mwaka 1823, alikuta vyumba viwili vya kawaida, meza za mbao za msonobari, na jiko la nyumbani lililokuwa na tanuru dogo. Katika jiko hilohilo chakula cha mchana kilipikwa. Vyombo vya kioo alivipuliza mwenyewe, na karatasi ya kuchujia ya Uswidi alivyoitumia ilipata sifa Ulaya nzima.

Mwaka 1818 alichapisha jedwali lenye uzito wa atomu za elementi 45 kati ya 49 zilizojulikana. Usahihi wa uchambuzi wake ulikuwa wa kustaajabisha kwa vyombo alivyokuwa navyo. Mtu anayefanya kazi kama hiyo, anayejaza daftari kwa maelfu ya uchambuzi, hawezi kuendelea kuandika kila mara kwa maneno kamili kwamba sehemu moja ya shaba imeungana na sehemu moja ya oksijeni na kwamba vyote viwili vimeungana na asidi ya salfa. Hapo ndipo zilipotoka herufi.

Herufi badala ya duara

Watu wa zamani waliokuwa wakitafuta kugeuza risasi iwe dhahabu walikuwa na alama zao: jua kwa dhahabu, mwezi kwa fedha, na michoro mingine mingi ambayo kazi yake ilikuwa kuficha zaidi ya kueleza. Dalton alikuwa amezibadilisha kwa duara. Duara tupu lilikuwa oksijeni, lenye nukta katikati hidrojeni, lililojazwa weusi kaboni. Metali alizipa duara lenye herufi ndani. Ukitaka kuonyesha maji unachora duara tupu kando ya duara lenye nukta.

Duara za Dalton zilikuwa na uzuri wake, kwa sababu msomaji aliziona atomu kwa macho. Lakini kila mpya ilihitaji mchoro mpya, mpiga chapa alilazimika kuchonga herufi za risasi ambazo hana, na mwandishi alichoka. Kati ya mwaka 1813 na 1814, katika jarida la Annals of Philosophy lililochapishwa London chini ya uhariri wa Thomas Thomson, Berzelius alipendekeza njia nyepesi. Alama ziwe herufi za kawaida, kwa kuwa huandikwa upesi na haziharibu sura ya kitabu.

Kanuni yake ilikuwa fupi. Chukua herufi ya kwanza ya jina la Kilatini. Elementi mbili zikigongana, ile isiyo metali ibaki na herufi moja, na metali iongezewe herufi ya pili. Hiyo nayo ikigongana, chukua konsonanti ya kwanza ambayo majina hayo hayashirikiani. Kwa hiyo kaboni ni C, kobalti ni Co, na shaba, ambayo kwa Kilatini ni cuprum, ni Cu. Salfa ni S, silikoni ni Si, bati ni Sn kwa sababu ya stannum. Fedha, argentum, ikawa Ag. Dhahabu, aurum, ikawa Au. Zebaki ikachukua Hg kutoka katika hydrargyrum, yaani maji ya fedha.

Kwa nini Kilatini? Kwa sababu haikuwa lugha ya taifa lolote lililokuwa likigombana na jingine. Ulaya ya mwaka 1814 ilikuwa imetoka vitani, na kila nchi ilikuwa na majina yake ya metali. Mwingereza Humphry Davy ndiye aliyezitenga sodiamu na potasiamu kwa umeme mwaka 1807 na kuzipa majina kwa lugha yake. Berzelius alishika natriumu na kaliumu. Jina la kwanza linatokana na natroni, yaani magadi. Ni neno lilelile lililo katika Ziwa Natron kaskazini mwa Tanzania, na jirani yake upande wa Kenya linaitwa kwa Kiswahili kabisa, Ziwa Magadi. Mama anayetia magadi kwenye sufuria ya maharage anatia ndani yake hasa kile ambacho Na inakitaja. Kaliumu nayo inatokana na neno la Kiarabu kwa majivu ya mimea, lililotupatia pia alkali.

Hata hivyo herufi pekee zisingeleta mabadiliko makubwa. Nguvu ilikuwa katika namba. Katika mfumo wa Berzelius, O haikuwa kifupi tu cha neno oksijeni. Ilisimama kwa kiasi kimoja maalumu cha oksijeni chenye uzito unaojulikana. Mwanzoni aliandika maji kwa kujumlisha, 2H + O, kisha akaondoa alama ya kujumlisha na kuipandisha namba juu ya herufi: H²O. Wajerumani Justus von Liebig na Johann Poggendorff ndio walioishusha namba chini ya mstari mwaka 1834, na huko imebaki.

Namba hiyo ndogo ni dai zito. Uchambuzi unaonyesha kwamba katika maji, kila gramu moja ya hidrojeni huandamana na gramu nane za oksijeni. Hilo hupimwa kwa mizani. Lakini mizani haisemi atomu ziko ngapi. Dalton alidhani moja kwa moja, kwa hiyo katika hesabu yake atomu ya oksijeni ingekuwa na uzito mara nane ya hidrojeni. Berzelius aliangalia ushahidi mwingine, kwamba maji hutokana na ujazo mbili za gesi ya hidrojeni na ujazo mmoja wa oksijeni, akaandika mbili kwa moja; hapo oksijeni inakuwa na uzito mara kumi na sita. Kubadilisha fomula ya maji ni kubadilisha uzito wa oksijeni, na kubadilisha uzito wa oksijeni ni kubadilisha karibu kila fomula nyingine. Mwanafunzi anayekosea namba ya chini na kudhani ni kosa la mwandiko hajaelewa ameandika nini.

Dalton hakukubali. Hadi mwaka 1837, akiwa mzee, alilalamika kwamba alama za Berzelius zinatisha na kwamba mwanafunzi mchanga angeweza vilevile kupewa Kiebrania ajifunze. Wenzake wa Uingereza walikuwa wamekwisha kuanza kumwacha nyuma.

Jina la dawa na jina la sumu

Kabla ya herufi kulikuwa na kazi ya majina, na hapa Berzelius alifanya kazi kama daktari zaidi ya kitu kingine. Mwaka 1787 Wafaransa wanne, Guyton de Morveau, Lavoisier, Berthollet na Fourcroy, walikuwa wametoa utaratibu uliokusudia kuzika majina ya kale yaliyotungwa kwa rangi, mahali au jina la mtu. Kwao jina lilipaswa kutaja kilichomo. Mrututu, jiwe la buluu linalojulikana pwani ya Afrika Mashariki tangu zamani, halikuambii neno lolote kuhusu shaba. Salfeti ya shaba inakuambia.

Utaratibu wa Wafaransa uliacha tatizo moja. Metali nyingi huungana na oksijeni au na klorini kwa viwango zaidi ya kimoja. Zebaki ndiyo iliyokuwa ya hatari zaidi. Kampaundi yake moja na klorini, kalomeli, ilitolewa na madaktari wa enzi ile kama dawa ya kuharisha. Nyingine, yenye klorini maradufu kwa kiasi kilekile cha zebaki, ni sumu kali inayoua. Zote mbili ni unga mweupe. Mfamasia akisoma tu kwamba dawa ina zebaki na klorini, hajaambiwa kama anachokipima kitamtibu mgonjwa au kitamzika.

Uswidi ilipokuwa ikiandaa kitabu kipya rasmi cha dawa, Berzelius alitengeneza utaratibu wa majina kwa Kilatini na kuuchapisha mwaka 1811. Kwa metali zenye hali mbili alitumia miishio miwili: -osum kwa kiwango cha chini na -icum kwa kiwango cha juu. Chuma kikawa ferrosum na ferricum, zebaki hydrargyrosum na hydrargyricum. Herufi mbili tu katikati ya neno zilitenganisha dawa na sumu. Wazazi waliosoma kemia kwa Kiingereza miaka ya nyuma watakumbuka jinsi miishio hiyo ilivyowasumbua kwenye mitihani. Vitabu vya leo hupendelea namba za Kirumi, chuma(II) na chuma(III), mtindo uliopendekezwa na Mjerumani Alfred Stock baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, lakini kinachotofautishwa ni kilekile.

Anna na neno klorini

Katika maabara ile ya Stockholm alikuwapo mtu ambaye vitabu vingi vya shule havimtaji. Anna Sundström, binti wa mkulima aliyezaliwa mwaka 1785, alianza kumfanyia kazi Berzelius mwaka 1808 kama mtunza nyumba. Alipika, alisafisha vyombo, kisha akajifunza kila chombo kina kazi gani na kila dutu inaitwaje, mpaka akawa msaidizi aliyeaminiwa na bwana wake na kuogopwa na wanafunzi. Uswidi ya leo humtambua kama mwanamke wa kwanza wa nchi hiyo aliyefanya kazi ya kemia.

Wöhler alishuhudia siku moja jambo ambalo wanakemia wamelisimulia tangu hapo. Anna alikuwa akiosha chombo, akasema kinanuka asidi ya muriatiki yenye oksijeni. Berzelius akamwambia kwamba kuanzia sasa asiiite hivyo, aseme klorini, ndiyo bora.

Anayelisikia bila historia yake atadhani ni maneno ya kawaida ya jikoni. Ukweli ni kwamba bwana alikuwa akikiri kushindwa. Davy alikuwa ametangaza tangu mwaka 1810 kwamba gesi ile ya kijani-manjano ni elementi na kwamba hakuna aliyeweza kutoa oksijeni ndani yake. Berzelius alikataa kwa zaidi ya miaka kumi, kwa kuwa aliamini kila asidi ina oksijeni, na jina refu alilolitumia lilibeba imani hiyo. Kila alipolitamka alidai kuna oksijeni mahali ambapo haikuwapo. Kulifuta jina ilikuwa kulifuta dai, na mtu wa kwanza kuambiwa, angalau mbele ya shahidi, alikuwa mwanamke aliyeshika chombo cha kuosha.

Miaka hiyo ndiyo iliyokuwa ya heshima yake kuu. Tangu mwaka 1818 alikuwa katibu wa kudumu wa Chuo cha Kifalme cha Sayansi cha Uswidi. Aligundua seleniamu mwaka 1817 katika mashapo ya kiwanda cha asidi ya salfa kilichokuwa Gripsholm. Mwaka 1829 alitangaza thoriamu, aliyoipata katika jiwe jeusi kutoka kisiwa cha Løvøya nchini Norwei. Jiwe hilo liliokotwa na mchungaji Morten Thrane Esmark, na elementi ikapewa jina la Thor, mungu wa radi wa Waskandinavia wa kale. Kila mwaka aliandika taarifa ndefu ya maendeleo ya kemia, akisifu na kukaripia kazi za Ulaya nzima, na wengi waliisubiri taarifa hiyo kama mwanafunzi anavyosubiri matokeo. Maneno pia yaliendelea kumtoka: kichocheo cha kemikali kilipata kwake jina la katalisi, na neno protini alilipendekeza kwa Mholanzi Gerardus Mulder mwaka 1838.

Fomula zilizomgeukia

Mwaka 1830 alilazimika kuunda neno jingine, isomeri, kwa jambo lililokuwa likimsumbua: dutu mbili tofauti zenye elementi zilezile kwa kiasi kilekile. Wöhler, mwanafunzi wake, alikuwa ameshaonyesha mwaka 1828 kwamba urea iliyomo katika mkojo ina muundo wa idadi uleule na chumvi moja ya maabara isiyofanana nayo kwa lolote. Ilibainika kwamba kuhesabu atomu hakutoshi, na kwamba namna zinavyoshikana nayo ina maana. Herufi zake zilikuwa zikifichua mambo ambayo nadharia yake haikuyatarajia.

Pigo kubwa lilitoka Paris. Mwishoni mwa miaka ya 1830 Jean-Baptiste Dumas alichukua asidi iliyomo ndani ya siki na kuzitoa atomu tatu za hidrojeni, akaweka mahali pake tatu za klorini. Asidi mpya ilibaki na tabia zinazokaribiana na ile ya kwanza. Kwa Berzelius hilo halikuwezekana: hidrojeni ni chanya, klorini ni hasi, na nguzo chanya haiwezi kung'olewa ikawekwa hasi nyumba ikabaki imesimama. Alijaribu kuiokoa nadharia yake kwa kugawa fomula za kampaundi kama hizo katika vipande viwili, kisha vipande vya vipande, mpaka hata rafiki zake wakaacha kumfuata. Liebig, aliyekuwa rafiki wa barua kwa miaka mingi, aligeuka kuwa mpinzani. Uchungu zaidi ni kwamba wapinzani walimshinda kwa kutumia maandishi aliyoyabuni mwenyewe. Kwa maneno ya kawaida ugomvi ule ungeendelea bila mwisho. Kwa herufi, kila mtu aliona H tatu zimetoka na Cl tatu zimeingia.

Nyumbani pia mambo yalibadilika. Mwaka 1835, akiwa na miaka 56, alimwoa Elisabeth Poppius aliyekuwa na miaka 24, na mfalme Karl XIV Johan akampa cheo cha baroni kwa ajili ya harusi hiyo. Mwaka uliofuata Anna Sundström aliondoka, baada ya miaka 28 ya kazi. Ndoa haikupata watoto. Berzelius alifariki Stockholm tarehe 7 Agosti 1848, siku kumi na tatu kabla ya kutimiza miaka 69, akazikwa Solna. Anna aliishi hadi mwaka 1871.

Kosa moja la Berzelius lilimpita umri. Mwaka 1826 alisahihisha jedwali lake, na fomula nyingi za metali zikakaa sawa. Oksaidi za chuma zikawa FeO na Fe²O³ kama zinavyoandikwa leo, na mrututu ukawa CuO + SO³, ambao ukijumlishwa unatoa CuSO₄ ya vitabu vya sasa. Lakini oksaidi ya natriumu aliiandika NaO, atomu moja kwa moja, na kwa hiyo akaipa natriumu uzito maradufu ya ule wa kweli. Septemba 1860 wanakemia walikutana Karlsruhe, Ujerumani, wakiwa wamechoka kuona kampaundi moja ikiandikwa kwa njia nyingi. Mwitalia Stanislao Cannizzaro alitetea huko njia yake ya kukokotoa uzito wa atomu, na kijitabu chake kikagawiwa kwa wajumbe wakati wa kuondoka. Katika miaka iliyofuata uzito wa natriumu ulikatwa nusu na fomula ikawa Na₂O. Namba mbili iliongezwa, herufi hazikuguswa.